Tenisi ya Bibi Zangu Wawili

Mwaka ambao mama alimzaa mdogo wetu wa mwisho, bibi zangu wote wawili walikaa kwetu Mbinga msimu mzima wa mvua, na kilichowafanya waanze kuzungumza kilikuwa mchezo wa kwenye televisheni. Nimewahi kuwasimulia watu jambo hili wakadhani natania.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo. Mama alijifungua kwa upasuaji, akarudi nyumbani hawezi kuinama wala kubeba ndoo. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na kazi zote za nyumba zikaniangukia mimi. Baba aliponiona nimechoka akatuma ujumbe pande mbili: Kitura kwa mama yake, na Kihagara, kule kando ya ziwa, kwa mama mkwe wake. Nadhani alitegemea mmoja wao atapata nafasi ya kuja. Walikuja wote, wiki ile ile, kila mmoja na mzigo wake.

Sisi watoto tulimwita mmoja Bibi wa Huku na mwingine Bibi wa Ziwani. Bibi wa Huku alikuwa Mmatengo, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote. Bibi wa Ziwani alikuwa Mnyasa, mdogo wa mwili, msafi kupita kiasi, na kila alipokwenda hakukosa redio yake ndogo. Kiswahili kilikuwa lugha ya pili kwa wote wawili. Bibi wa Huku alikitumia kanisani na kwenye mizani ya kahawa. Bibi wa Ziwani alikitumia sokoni na zahanati. Nyumbani kila mtu alikuwa na lugha yake, na hakuna aliyeifahamu ya mwenzake.

Lakini si lugha tu iliyowatenganisha. Wakati wa harusi ya baba na mama, kabla sijazaliwa, kulikuwa na maneno. Watu walileta Kitura habari kwamba mama wa bibi harusi analia kwamba mwanawe anapelekwa kuishi kwenye mashimo. Alikusudia ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ya mashamba ili mvua isiteremke na udongo. Na watu hao hao, au wengine kama hao, walipeleka Kihagara habari kwamba mama wa bwana harusi amesema watu wa ziwani wanaogopa jembe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama ni kweli. Kwa miaka yote iliyofuata walipokutana kwenye ubatizo na misiba walisalimiana vizuri, wakaitana mkwe mwenzangu, kisha kila mmoja akatafuta mahali pa kukaa mbali na mwingine.

Sasa wakawa chini ya paa moja, na mvua ya Mbinga haikumpa mtu nafasi ya kutoka nje. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Bibi wa Huku alitaka mzazi ale ugali wa mahindi na maharage mazito. Bibi wa Ziwani alikuwa amekuja na gunia la usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, na unga wa muhogo, na kwake yeye maziwa yasingetoka kwa mwanamke asiyekunywa mchuzi wa samaki. Hawakugombana. Wangegombana ingekuwa afadhali. Kila mmoja alipika chungu chake, na mama, akiwa kitandani na mshono wake, alikula vyote viwili ili asimuudhi mtu. Baba naye alifanya hivyo hivyo jioni, kimya, sahani hii kisha ile, halafu anakwenda kulala mapema kwa shibe.

Katika hali hiyo ndipo baba mdogo alipotuletea ule mchezo.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa kijana wa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani vitu kama sabuni na khanga vilikuwa vya kupanga foleni. Sasa maduka yalijaa, wanunuzi binafsi walipanda milimani na malori yao kutafuta kahawa, na kila mwenye nguvu alitaka kuwa mfanyabiashara. Yeye aliuza mitumba. Katika safari zake za Dar es Salaam alipata televisheni ndogo isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari, na kiboksi cha plastiki cha rangi ya chungwa iliyopauka. Kutoka kwenye kiboksi zilitoka nyaya mbili, na mwisho wa kila waya palikuwa na kidude cha kushika mkononi, chenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Juu ya kiboksi paliandikwa tenisi.

Alikiweka sokoni, jirani na banda la video, akawa anawatoza watu kwa kila mchezo. Mwanzoni walijaa. Kisha mtu mwingine alileta mashine mpya ya kaseti, yenye picha za rangi, watu wanaoruka na kupigana, na vitufe vingi vya kubonyeza, na wateja wa baba mdogo wakahama wote siku moja. Akaja kwetu amenuna, akaweka televisheni, betri na kiboksi sebuleni, akasema tucheze sisi kama tunataka, yeye amemalizana navyo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kioo cheusi. Katikati mstari mweupe wa nukta nukta, ndio wavu. Kila upande kijiti kimoja cheupe kilichosimama, ndiye mchezaji. Na nukta moja iliyokwenda huku na huko, ndio mpira. Ukizungusha kitufe, kijiti chako kinapanda au kinashuka. Hakuna kingine cha kufanya. Mpira ukigonga kijiti, kiboksi kinatoa mlio, ti. Ukigonga cha upande wa pili, to. Mlio haukutoka kwenye televisheni, ulitoka kwenye kiboksi chenyewe, na nyumba nzima iliusikia.

Mchana mmoja nilikuwa nacheza na mdogo wangu wa kike. Bibi wa Ziwani alikuwa kwenye kiti pembeni, mtoto amelala mapajani. Mdogo wangu aliitwa nje kuingiza nguo za mtoto maana mvua ilikuwa imerudi, akaacha kidude chake juu ya mkeka. Mpira ukaendelea kupita upande wake bila mtu wa kuurudisha. Nilikuwa najipatia pointi tu. Bibi alitazama kwa muda.

"Mbona hamna anayeurudisha?" akauliza.

Nikamwambia mwenzangu ametoka. Alinyoosha mkono, akaokota kidude, akakishika kwa ncha za vidole viwili, akazungusha. Kijiti kikapanda kidogo. Akazungusha tena kurudi. Kikashuka. Mpira ulipokuja ukakuta kijiti kiko mahali pake, ukarudi kwangu, nami kwa mshangao nikaukosa.

Sikumfundisha chochote. Jambo hili nimelifikiria mara nyingi baadaye, hasa kila ninapoona mtu mzima amepewa kifaa kipya anakigeuzageuza kwa woga. Bibi hakuwa na woga kwa sababu mkono wake ulikijua kitu kile tayari. Alikuwa amezungusha kitufe cha redio kwa miaka mingi kule ufukweni, akitafuta stesheni za Malawi katikati ya mikwaruzo, na anayejua kuitafuta stesheni ya mbali anajua kuzungusha nusu ya robo na kusimama hapo.

Tulikuwa bado tunacheza mama aliponiita chumbani nimpelekee maji ya moto. Bibi wa Huku alikuwa anapita kutoka jikoni na sufuria. Bila kufikiri nikamwambia, "Bibi, nishikie kidogo," nikamwachia kidude changu mkononi, nikaenda.

Mama alinichelewesha. Nilipokuwa naminya kitambaa cha kumkanda nilikuwa nasikia kupitia ukutani: ti. Kimya. Mlio wa kukosa. Ti. Kimya. Mlio wa kukosa. Halafu baada ya muda, ti, to. Mama akaniuliza ni akina nani wanacheza. Nikamwambia sijui. Ti, to, ti. Tukatazamana.

Niliporudi nilikuta Bibi wa Huku amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, sufuria iko kando yake. Yeye hakuwa na vidole vya redio. Alizungusha kwa mkono mzima mpaka kiwiko, kama anavyozungusha mashine ya kumenyea kahawa, na kijiti chake kiliruka kutoka juu hadi chini kama kimeshtuliwa. Alikuwa anafungwa sana. Lakini hakutaka kunirudishia kidude. Alisema nikatazame ugali.

Kuanzia siku ile, kazi za asubuhi zikiisha na mtoto akishalala, walikaa. Hawakualikana. Mmoja alikuja na kukaa upande wake wa mkeka, akaanza kusafisha mchele au kufanya kazi nyingine ya mkono, na baada ya muda mwingine alikuja na kukaa upande wa pili, kisha mmoja wao aliniambia niwashe. Ilinibidi nirekebishe televisheni kwanza mpaka chenga za kwenye kioo zitulie. Bibi wa Huku alizijua tarakimu kutokana na mizani ya kahawa, kwa hiyo yeye ndiye aliyetangaza matokeo, hata alipokuwa anashindwa, kwa sauti ya mtu anayepima gunia la jirani. Ndani ya wiki mbili aliacha kuzungusha kwa kiwiko. Sikumwona akijifunza, nadhani alikuwa akitazama vidole vya mwenzake.

Maneno yao ya kwanza yalikuwa ya mchezo. Lako hilo. Rudisha. Umechelewa. Bibi wa Ziwani aliniuliza tenisi ni nini, nikamweleza kwamba ni watu wawili wanaopigiana mpira juu ya wavu. Akauliza wavu wa kuzuia mpira usipite, au wa kuukamata. Nikasema wa kuzuia. Akasema basi si wavu, ni ukuta wenye matundu. Bibi wa Huku akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kitu alichosema mkwe mwenzake, naye mwenyewe alionekana kushangaa.

Akina mama wa jumuiya ya kanisa walipokuja kumwona mtoto waliwakuta hivyo. Bibi wa Huku alikuwa mtu wa heshima kanisani, na mwenyekiti wa jumuiya alisimama mlangoni na kapu lake la mayai akiwa hajui aseme nini. Nilidhani bibi atakiweka kidude chini. Hakukiweka. Alimwonyesha mgeni kiti, akamwambia akae, wakimaliza atashika yeye. Na kweli yule mama alishika. Hakuhitaji maelezo zaidi ya yale niliyompa mdogo wangu mwingine, wa miaka minne: zungusha, usiuache upite. Wale akina mama waliondoka wamechelewa, wakicheka njia nzima ya kuteremkia barabarani, na mayai walisahau kuyatoa kapuni, wakalazimika kurudi.

Baba naye alikuwa na siku yake. Alirudi jioni moja akasikia tangu nje sauti ya mama yake ikisema kwa ukali, "Hapo umeniibia." Alifikiri kile alichokiogopa tangu mwanzo kimetokea. Aliingia na mwavuli wake unachuruzika, akasimama katikati ya sebule tayari kusuluhisha. Wote wawili walimwambia asogee, anawaziba.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa na kelele. Mvua ilikuwa ya taratibu, ile isiyokoma. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni nachambua mboga, na wao walikuwa wanacheza vizuri, mpira unakwenda na kurudi muda mrefu bila mtu kukosa. Macho yao yote yalikuwa kwenye kioo. Bibi wa Huku akasema, bila kugeuka:

"Mkwe mwenzangu. Yale maneno ya mashimo uliyasema?"

Nikaacha kuchambua. Ti. To. Ti.

"Niliyasema," akajibu Bibi wa Ziwani. "Nilikuwa naogopa. Sikuwahi kupanda huku. Niliona milima tu, na mwanangu anaingia ndani yake."

Mpira ukaenda, ukarudi.

"Na mimi nilisema mnaogopa jembe."

"Nilisikia."

"Sikuwa nawajua."

"Hukuwa unatujua," akasema Bibi wa Ziwani, na hapo akaukosa mpira. Bibi wa Huku alitangaza matokeo. Kisha wakaendelea.

Nimejiuliza kama wangeweza kusema maneno yale wakiwa wamekaa wanatazamana, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Sidhani. Mchezo uliwapa mahali pa kuweka macho na kitu cha kufanya kwa mikono, lakini haukudai kitu kingine. Ungekuwa mgumu kidogo tu, akili ingekwisha kwenye vitufe na pasingebaki nafasi ya kukumbuka harusi. Ule ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mkono ulicheza wenyewe, na mtu akabaki na moyo wake huru.

Nililiona hilo waziwazi baba mdogo alipokuja tena. Biashara ilikuwa imemnyookea, naye amenunua mashine ya kaseti kama ile iliyomfukuza sokoni. Aliposikia habari za mama yake na tenisi alifurahi sana, akaileta pamoja na kaseti ya tenisi ya kisasa awaonyeshe. Ilikuwa nzuri. Mchezaji alikuwa mtu kabisa, ana miguu na kofia, na mwamuzi amekaa juu kwenye kiti. Kidude cha mkononi kilikuwa na msalaba wa kubonyeza kwa dole gumba la kushoto, na vitufe vya kubonyeza kwa dole gumba la kulia. Kimoja cha kupiga kawaida, kingine cha kupiga juu. Baba mdogo alieleza kwa uvumilivu. Bibi wa Huku alibonyeza, mtu wake akakimbia kutoka nje ya uwanja. Bibi alipotaka apige, mtu alikimbia. Alipotaka akimbie, alipunga raketi hewani kama anayefukuza nyuki. Bibi wa Ziwani alijaribu kwa muda mrefu zaidi, kwa adabu, akitazama vidole vyake badala ya kioo. Mwisho akakiweka kidude chini taratibu.

"Huyu mtu ana mambo mengi," akasema. "Mimi nataka mpira tu."

Baba mdogo aliumia kidogo, lakini alinisaidia kurudisha waya wa kile kiboksi cha zamani. Alikaa akawatazama wakicheza, na kabla hajaondoka alicheza yeye na mama yake, akafungwa.

Mvua zilipopungua mama alikuwa amepona, na Bibi wa Ziwani akarudi Kihagara. Bibi wa Huku alibaki wiki nyingine moja, akajaribu kucheza nami, akaacha. Alisema nina haraka. Kisha naye akarudi Kitura kwa ajili ya shamba.

Baada ya mavuno ya kahawa alikuja kwetu amevaa vizuri, na kikapu chenye maharage na kahawa aliyoikaanga mwenyewe, akamwambia baba anataka kwenda kumtembelea mkwe mwenzake. Alikuwa hajawahi kushuka ziwani maisha yake yote. Mimi ndiye niliyetumwa kumsindikiza. Aliomba apewe kile kiboksi, akakifunga ndani ya kitenge, akakipakata mapajani kwenye Land Rover kona zote za kuteremka mpaka Mbamba Bay, akiwa amefumba macho kwa kichefuchefu. Ziwa lilipotokea chini yetu nilimgusa atazame. Alifumbua jicho moja, akatazama kwa muda, akauliza mwisho wake uko wapi. Nikamwambia ng'ambo ni Malawi. Akalifumba tena.

Tulipofika Kihagara, baada ya salamu na chakula, samaki aina ya mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo ambao Bibi wa Huku aliumaliza wote, alifungua kitenge chake akaniambia niwashe. Hapo ndipo nilipotambua kwamba televisheni imebaki Mbinga. Kwake yeye mchezo ulikuwa ndani ya kiboksi. Kile kioo alikihesabu kama samani ya nyumba yetu. Niliona aibu kwa niaba yake, nikaanza kueleza. Pale kijijini hapakuwa na televisheni hata moja.

Bibi wa Ziwani alinisikiliza, akaniuliza kama betri za ndani ya kiboksi ni nzima. Nikasema ni nzima. "Basi washa," akasema.

Nikawasha. Walikaa kwenye mkeka barazani, kila mmoja na kidude chake, wakaelekeza macho ziwani kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuelekeza. Kiboksi kikatoa mlio wa kuanza. Wakazungusha kwa kubahatisha. Mlio wa kukosa. Tena, mlio wa kukosa. Tena. Halafu, ti. Walitazamana kama watoto walioiba embe. Bibi wa Huku hakuwa na tarakimu za kusoma, kwa hiyo akatangaza matokeo ya kujitungia, akijipa ushindi, na Bibi wa Ziwani akakataa, na wakabishana kwa Kiswahili kilichochanganyika maneno ya huku na ya kule ambayo mimi mwenyewe sikuyaelewa yote. Wanawake waliokuwa wanaanika usipa jirani walikuja kuuliza kuna nini. Walipewa zamu.

Tulitakiwa kukaa siku chache. Mimi nilirudi Mbinga kama ilivyopangwa, maana matokeo yalikuwa yametoka na nilikuwa nimepata nafasi ya ualimu. Bibi wa Huku alisema atakuja na gari linalofuata. Hakuja na hilo, wala na jingine. Baba alituma ujumbe, ukarudi kwamba wako kwenye usipa, samaki wameingia wengi, atakuja wakishapungua. Mvua za kwanza zilipokaribia na ngoro zikawa zinamsubiri, baba aliomba ruhusa shuleni, akashuka mwenyewe kumfuata. Alikaa huko siku mbili zaidi ya alizoomba, akarudi peke yake.